Goti Lililokataa Kukunjika

Kwa miezi minne nilimwita mjukuu wangu mkaidi, na miezi hiyo yote goti lake la kulia lilikuwa linaharibika kwa ndani. Naliweka hilo mbele kabisa ili anayesoma asinionee huruma kabla ya wakati wake. Mengine yote yanafuata hapo: kama mguu ule utapona na kukunjika, au mtoto atatembea nao mkavu kama mpini maisha yake yote.

Neno lenyewe sikulikuta nyumbani. Nyumbani tunaongea Kisukuma, na kina maneno yake ya kusema mtoto hasikii, mengine makali sitayaandika. Neno ukaidi nililisikia shuleni, na shule nilisoma mpaka darasa la nne tu. Mwalimu alilitamka kisha fimbo ikafuata. Nilipoolewa huku Nkololo nikalisikia kwa bwana shamba, alipopita kukagua nani amechanganya mahindi ndani ya pamba. Wakaidi tulikuwa wengi, kwa sababu pamba hailiwi. Halafu nikalisikia kwa mwenyekiti wa kitongoji, halafu kwa wakwe. Kwa umri huu nimegundua jambo moja: sijawahi kumsikia mtu wa chini akimwita mkubwa wake mkaidi. Linashuka tu.

Mimi mwenyewe lilinishukia. Mume wangu alipofariki, matanga yalipoisha ukoo ulikaa, wakasema mdogo wake marehemu anichukue, na ng'ombe wabaki mahali pamoja. Nilipiga goti mbele yao kwa heshima, nikasema hapana. Nina watoto wanne na jembe, nikasema, inatosha. Mzee mmoja akasema, "Huyu mwanamke mkaidi." Tangu hapo nilikuwa mama mkaidi kwa miaka mingi, hata kwa watu ambao hawakuwepo kwenye kikao.

Shemeji yangu huyo si mtu mbaya. Alioa kwingine, akanisaidia kulima pale ng'ombe zangu zilipougua. Ila kila msimu wa kuvuna hupita kwangu, anakaa, anatazama. Anatazama paa, anatazama zizi, anatazama watoto wanavyokaa. Hajawahi kusema anachotafuta. Nami sijawahi kutaka akione.

Ndiyo maana niliwafunza watoto wangu magoti. Kwetu mtoto wa kike akimsalimia mkubwa hupiga goti. Sisemi kule kujikunja kidogo kwa wasichana wa mjini, kama mtu aliyekanyaga mwiba. Goti linagusa udongo, unasema "mwadila," unakaa hapo mpaka umeitikiwa. Watu walisema, ule mji hauna mwanaume lakini watoto wake wana adabu. Maneno hayo niliyapenda kuliko chakula.

Mjukuu huyu ni wa binti yangu wa mwisho, anayefanya kazi dukani kule Binza, Maswa. Aliniachia mtoto akiwa darasa la tatu, sasa yuko kidato cha pili. Alikuwa anapiga goti vizuri kuliko mama yake.

Wakati wa palizi alianza kunisalimia akiwa amesimama. Anainama kiunoni, mkono juu ya paja, "Mwangaluka, bibi," kisha anaondoka haraka. Siku ya kwanza nilinyamaza. Siku ya tatu nilimuuliza kama udongo wa kwangu umekuwa mchafu.

"Goti linauma, bibi."

"Linauma kwa sababu hulitumii," nikamwambia.

Nilisema hivyo, na nikaona nimesema vizuri. Nilikaa na jibu hilo siku nzima kama mtu aliyejibu jambo gumu. Mtoto hakurudia tena kuniambia linauma. Angeniambia mara ngapi?

Shambani alianza kubaki nyuma kwenye mstari wake. Kuchota maji akawa anarudi wakati wenzake wameshapika. Halafu ikaja barua ya shule. Alichelewa, waliochelewa wakapigishwa magoti nje ya ofisi, yeye akakataa. Binti wa jirani alinisomea, maana macho yangu na maandishi madogo hayapatani. Iliandikwa kwamba mwanafunzi ameanza kuonyesha ukaidi, mzazi aongee naye. Nikasaini. Sikuuliza kwa nini anachelewa, wakati shule ni ile ile na njia ni ile ile. Barua ilikuja na jibu tayari, nami nililipenda, kwa sababu ndilo nililokuwa nalo.

Nisieleweke vibaya. Ukaidi upo. Tulikuwa na dume moja la kulimia, mume wangu akiwa hai, lilikuwa linalala katikati ya mtaro na nira shingoni. Tulilitazama shingo, tukalitazama kwato, tukaita mtu wa mifugo. Halikuwa na kidonda hata kimoja. Ukilifungua linainuka, linakwenda kula majani kama mgeni wa harusi. Tukaliuza. Kwa hiyo sisemi neno hili lifutwe. Nasema tu kwamba dume tulilitazama kwanza, tena watu watatu, na mtoto sikumtazama.

Siku yenyewe ilikuwa mchana, pamba imeshaokotwa, imeanikwa juu ya chanja. Tulikuwa tunachambua, nyeupe huku na fifi, ile chafu, huku. Shemeji akaja kama kawaida yake. Nilimpa kiti, akaanza kutazama. Mjukuu akatoka jikoni na maji ya kunywa. Akasimama mbele yake, akainama kiunoni, akampa kikombe.

"Mwadila, babu."

Shemeji hakuitikia. Akapokea kikombe, akakiweka chini, akanitazama mimi. "Mayu," akasema, yaani mama, "siku hizi huku kwako wanasalimia wima kama askari?"

"Ana ukaidi huyo," nikasema. "Hata shule wameandika."

"Ah. Basi ni wa ukoo." Akacheka. Hakucheka kwa ubaya. Alicheka kama mtu aliyengoja miaka mingi kusema kitu kidogo.

Niliinuka. Nikamwambia mtoto, "Piga goti." Akatikisa kichwa. Akasema, "Bibi, siwezi." Nikamwekea mikono yote miwili mabegani nikamkandamiza.

Alishuka. Kilio alichotoa sijawahi kukisikia kwa mtu, hata kwa mwanamke anayejifungua. Akaanguka ubavu juu ya pamba, akajikojolea, macho yake yakageuka. Sketi ikapanda, ndipo nikaliona goti. Lilikuwa kubwa, laini, linang'aa, na paja la juu yake limekonda kama mkono. Lile la kushoto lilikuwa goti la mtoto wa kawaida. Shemeji alisimama, kikombe kikamwagika. Ndiye aliyepiga simu kumwita mwenye bajaji. Mimi nilikuwa nimekaa chini, mkono wangu uko juu ya goti lile, unahisi joto.

Bariadi hospitalini walimpokea, wakampiga picha, kisha wakatuandikia kwenda hospitali ya rufaa Mwanza. Kule walitoa maji ya goti kwa sindano wakayapima. Daktari alikuwa kijana mpole, akatukalisha mimi na binti yangu, aliyetufuata kutoka Maswa, akasema ni kifua kikuu.

"Kikuu ni cha kifua," nikamwambia. "Huyu hata hakohoi."

"Kinaweza kukaa kwenye goti pia, bibi. Maziwa mnachemsha?"

"Ya chai tunachemsha."

"Na ya mgando?"

"Mgando ukichemshwa si mgando tena."

Akaandika. Hakusema ndiyo yaliyoleta. Alisema hawezi kujua, ila tuchemshe. Nilimuuliza swali lililonileta mbele ya meza yake. Nilimuuliza kama ni mimi niliyemvunja siku ile. Alisema ugonjwa ulikuwa ndani miezi mingi, mimi niliongeza maumivu, na bila yale maumivu labda tungechelewa zaidi. Alitaka kunifariji, lakini faraja ya namna ile sikuipokea. Binti yangu alikuwa anatazama ukuta. Tulipotoka kwenye veranda aliniambia neno moja tu, "Mama." Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi, na hilo moja likanishinda.

Dawa ni za mwaka mzima, kila siku, hakuna kuruka. Mguu ukafungwa plasta ngumu kwa wiki kadhaa, mtoto akarudi nyumbani na magongo. Nilimpikia. Nilimwogesha. Chooni nilimtengenezea kiti cha mbao chenye tundu, maana choo chetu ni cha shimo na mguu usiokunjika hauna pa kwenda. Alikuwa ananishukuru kila kitu, "ahsante, bibi," kwa sauti ya mgeni. Hiyo ilinichosha kuliko kuteka maji.

Plasta ilipotolewa, mguu ulikuwa umenyooka na umegoma. Pale Bariadi tulipelekwa kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, dada aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga. Kiswahili chake kinateleza kama mafuta. Aliposikia changu alicheka.

"Bibi, Kiswahili chako kina ng'ombe ndani."

"Na chako kina sukari," nikamwambia. "Sema polepole nielewe."

Akasema polepole. Ugonjwa dawa zitauondoa. Lakini goti lililofungwa linaganda, na lisipokunjwa sasa halitakunjika tena. Mara tatu kwa siku, mtoto alale chali, mtu mzima ashike mguu juu ya kifundo, akunje taratibu mpaka panapouma, halafu apite pale kidogo, ashikilie, ahesabu thelathini. Alinionyesha. Mtoto aling'ata kitambaa. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Nyumbani siku ya kwanza nilishika mguu, nikakunja kidogo. Akasema, "Bibi, niache." Nikaacha.

Ndivyo ilivyoendelea. Asubuhi nikishika anasema leo limevimba. Mchana anasema amechoka. Jioni anasema kesho. Nilijua kwamba baadhi ya siku hakukuwa na uvimbe wowote, alikuwa hataki tu, na zamani ningejua la kumwita. Neno lilifika mpaka kwenye meno nikalirudisha. Nilikuwa nimelitumia vibaya mara moja, na mtoto akaishia kwenye pamba akijikojolea. Basi nikawa nasema, "Sawa, mama, pumzika." Majirani walisema bibi yule amekuwa mpole uzeeni. Haukuwa upole. Niliogopa mikono yangu mwenyewe.

Tuliporudi kwa dada wa Tanga, alimlaza mtoto akapima kwa kile kipimo chake kama rula mbili zilizoungwa. Akapima tena. Akaniita pembeni.

"Bibi, hapa hapajasogea. Mnafanya?"

"Anaumia."

"Najua anaumia. Mnafanya?"

Akasema atatupa muda mpaka safari ijayo. Ikifika safari ijayo mguu uko vile vile, basi ndio mguu wake huo. Hakupandisha sauti. Alisema kama mtu anayesoma jina kwenye orodha, akaita mgonjwa mwingine.

Tulikaa kwenye benchi nje tukisubiri usafiri wa kurudi. Jua kali, kuna mama anauza karanga za kuchemsha. Nikamwambia mjukuu yote aliyosema dada, sikupunguza. Alisikiliza huku anamenya karanga. Akamaliza fungu lote.

"Siku ile ulinikandamiza goti bovu," akasema. "Sasa linapona, unaliogopa."

"Ukisema niache, nifanye nini?"

"Mimi nasema niache kwa sababu linauma. Wewe mtu mzima."

Nilitaka kumwambia asiniongeleshe hivyo. Nilikuwa na haki, maana kwetu mtoto hamwambii bibi yake hivyo, tena barabarani. Lakini nilikuwa nimechoka sana, na alikuwa anasema kweli, na vitu hivyo viwili vikikutana mdomo unafunga wenyewe.

Kesho yake nilitandika turubai nje kwenye kivuli cha nyumba, nikapasha maji, nikamkanda goti kwa kitambaa cha moto. Nikapaka mafuta. Nikashika juu ya kifundo, nikakunja mpaka panapouma. Akasema, "Bibi, niache."

"Moja," nikasema. "Mbili."

Alinitukana kwa Kisukuma nilipofika kumi na mbili. Nilipofika ishirini akamwita mama yake. Thelathini nikaachia. Mgongo ulikuwa umeshika mahali ambapo huwa unashika. Tukapumzika, tukarudia. Mchana tukarudia, jioni tukarudia. Sikumwita chochote. Kwa kweli alikataa zaidi siku zile kuliko alivyokataa wakati wa palizi, na mara mbili alinipiga teke kwa mguu wa kushoto, ule mzima. Kila nilipokunja nilitazama uso wake kwanza na goti pili. Kuna maumivu ya kukataa na kuna maumivu ya kuharibika, hayafanani usoni. Siku ile ya pamba uso ulikuwa mbele yangu, macho yangu yakawa kwa shemeji.

Wiki ya pili shemeji akaja. Safari hii hakutazama paa. Alileta kuku na sukari, akakaa kwenye kiti chake, akatukuta katikati ya kazi. Mtoto alikuwa analia kwa sauti.

"Shemeji," akasema, "mwache mtoto. Inatosha."

Nilikuwa kwenye kumi na saba. "Kumi na nane," nikasema.

"Mayu, anaumia huyo. Huoni?"

"Naona. Kumi na tisa."

Akasimama. Nadhani alitaka kunishika mkono, labda kwa sababu ya siku ile, maana yeye pia aliondoka nayo moyoni. Nikamwambia bila kugeuka, "Kaa chini, au nenda ukalale, lakini usinishike." Miaka yote ile kwa maneno ya wazi nilikuwa nimemkatalia jambo moja tu, kule kwenye kikao. Hili likawa la pili. Akabaki amesimama, hajui aende wapi.

Mjukuu akasema, makamasi na machozi yote yakiwa mdomoni, "Babu, unampotezea hesabu."

Shemeji akakaa. Tukamaliza thelathini. Akaniuliza kama mtu akishika paja ingesaidia, nikamwambia ingesaidia, akashika paja. Mikono yake ni migumu lakini hakubana. Mzunguko uliofuata alihesabu yeye, na alihesabu haraka haraka, mtoto akacheka kidogo katikati ya kulia, mimi nikamwambia aanze upya.

Safari ya Bariadi ilipofika nilipanda gari mwili wote unaniuma. Usiku uliopita nilikuwa nimeshindwa hata kufunga kilemba, vidole havikunjiki. Dada wa Tanga akamlaza mtoto, akapima, akapima tena kama ile mara ya kwanza. Akaandika. Akasema pamesogea. Si kwamba goti limekuwa zima. Alisema anaweza kukaa kwenye dawati, anaweza kupanda baiskeli tukizidisha, kufika chini kabisa kwenye udongo hajui, labda ndiyo, labda hapana. Alisema bado miezi.

"Anaweza kufanya mwenyewe sasa?" nikauliza. "Mimi mikono imekwisha."

"Anaweza. Nitamwonyesha kwa kanga, anajivuta mwenyewe. Asidanganye tu."

Akamwonyesha. Mtoto akajivuta kwa kanga mara mbili, vizuri tu. Nilipumua. Niliona asubuhi zangu zikirudi, chai yangu nikiinywa ikiwa ya moto.

Tulipotoka nje nilimwambia, "Basi kuanzia kesho ni wewe na kanga yako. Mimi nitakaa nihesabu."

Alikuwa anatembea kwa gongo moja, mbele yangu kidogo. Akatikisa kichwa.

"Hapana, bibi."

"Hapana nini?"

"Nikijivuta mwenyewe nitaachia panapouma. Najijua." Akasimama kunisubiri nimfikie. "Wewe huachii."

Tulipofika nyumbani nililala na nguo zangu. Asubuhi nikawasha moto, nikaweka maji, nikaanza kunyoosha vidole kimoja kimoja mpaka vikakubali.